Ifakara, NIMR au chuo kikuu: halmashauri ishike mkono wa nani kwenye takwimu za afya?

Mwisho wa mwezi, zahanati ikishafungwa, muuguzi yule yule aliyechoma sindano tangu asubuhi huvuta kiti na kuanza kuhesabu. Mbele yake kuna vitabu vya MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya: namba 5 cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, namba 12 cha leba. Anapita mstari kwa mstari, anachora vijiti vinne na kuvikata kwa cha tano, kisha jumla anaihamishia kwenye fomu ya mwezi. Fomu inapanda bodaboda kwenda wilayani na kuingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta unaokusanya takwimu za afya za nchi nzima. Baada ya wiki kadhaa mtu aliye Dodoma anafungua grafu na kuona kwamba wilaya hii imechanja zaidi ya asilimia 100 ya watoto wake. Waliochanjwa ni wengi kuliko waliopo.

Simu ikishapigwa, kikao kinaitwa, na kwenye kikao hakosi wa kusema: tutafute wabobezi, tuingie ubia na taasisi ya utafiti. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo miaka kadhaa nikiwa mratibu wa MTUHA wa wilaya. Wazo lenyewe ni zuri. Shida ni kwamba jina la taasisi hutajwa kabla ya tatizo kutajwa, na mara nyingi hutajwa ile ambayo gari lake lilionekana mjini wiki iliyopita.

Hapa nalinganisha milango mitatu ambayo halmashauri ya Tanzania Bara inaweza kubisha hodi: Taasisi ya Afya Ifakara, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (wote tunaiita NIMR), na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nitavuka mpaka kidogo kwenda Kenya, kwa sababu mfano ninaoupenda kuliko yote uko huko.

Kwanza, panavuja wapi?

Takwimu za kituo cha afya huharibikia mahali panne, na fundi wa pale si fundi wa hapa.

Mahali pa kwanza ni kwenye kitabu chenyewe. Rejesta zetu ni pana kama mkeka. Safu za kushoto, za jina na umri, hujazwa. Kadiri unavyokwenda kulia, visanduku vinazidi kubaki vitupu, maana foleni ni ndefu na mjamzito anayefuata ameshakaa. Baadaye, msimamizi akitangaza kuja, visanduku hujazwa kwa kumbukumbu. Nimeona kurasa nzima za shinikizo la damu zenye 120/80 kuanzia juu hadi chini, wajawazito wote wa mwezi mmoja wakiwa na damu tulivu ya ajabu. Aliyejaza hakuwa mwovu. Kituoni hapakuwa na mashine ya kupimia iliyo nzima, na fomu haina mahali pa kuandika "mashine mbovu".

Mahali pa pili ni katikati ya mifumo. Kituo kimoja cha afya kinaweza kuwa na CTC2 kwa wanaoishi na VVU, mfumo wa usajili wa chanjo, eLMIS ya kuagizia dawa, GoTHOMIS ya kuhudumia na kulipisha wagonjwa, halafu DHIS2 ya kupokea majumuisho. Mtoto mmoja anaweza kuwa humo mara tatu, jina lake likiwa Rehema hapa, Lehema pale na "Mtoto wa Asha" kwingine.

Mahali pa tatu ni walengwa, yaani idadi ya watu unaogawanyia ili upate asilimia. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9 nchini, ya 2022 ikahesabu milioni 61.7. Katikati ya miaka hiyo kumi, kila wilaya ilikadiria walengwa wake kwa kukuza namba ya zamani kila mwaka, kana kwamba watu hawahami. Lakini wanahama. Mgodi ukifunguka, bonde la mpunga likipata mfereji, barabara ya lami ikifika, kijiji kinakuwa mji huku walengwa kwenye karatasi wakibaki wa kijiji. Pia kuna akina mama wa wilaya jirani ambao zahanati yako iko karibu nao kuliko ya kwao. Kwa hiyo ile asilimia 100 na kitu huenda isiwe kosa la muuguzi hata kidogo: watoto aliwachanja kweli, na ni wewe usiyejua ulio nao wangapi.

Mahali pa nne ni pa aibu, na mara nyingi hapatajwi. Takwimu zipo, zina ubora wa kutosha, na hakuna anayezitumia. Zinapanda juu, hazirudi chini. Mpango kabambe wa afya wa halmashauri unaandikwa kwa kunakili wa mwaka jana na kubadilisha tarehe.

Sasa ndipo tuwaangalie washirika.

Ifakara: anayejua nani anaishi wapi

Ifakara ilianza miaka ya 1950 kama maabara ya Waswisi pale bonde la Kilombero, kazi ya Rudolf Geigy wa Basel, na miaka ya 1990 ikawa taasisi ya Kitanzania inayojitegemea. Jambo linaloitofautisha kwa habari ya takwimu lilianza 1996: eneo la ufuatiliaji wa watu katika vijiji vya Kilombero na Ulanga. Mdodosaji alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne akiuliza nani amezaliwa, nani amekufa, nani amehamia, nani ameondoka. Awali lengo lilikuwa kupima mradi wa KINET, uliouza vyandarua kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yake, yaliyochapishwa 2001, yalionyesha kwamba watoto waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa waliokoka kifo zaidi ya wenzao kwa asilimia 27. Huwezi kupata namba ya namna hiyo kwenye kitabu namba 5, kwa sababu mtoto aliyefia nyumbani hakuandikwa popote.

Eneo jingine ni Rufiji, lililoanza 1998 chini ya TEHIP, mradi wa Wizara ya Afya na shirika la IDRC la Kanada, na baadaye likawa chini ya Ifakara. TEHIP nitakaa nayo kidogo, kwa sababu kila anayeshawishi ubia wa takwimu Tanzania huitaja, na wengi huitaja vibaya.

Swali la TEHIP lilikuwa jepesi: je, timu ya afya ya wilaya ikioneshwa ni magonjwa gani yanawaua watu wake, na fedha zake zinakwenda wapi, itabadilisha matumizi? Morogoro Vijijini, malaria ilichangia kama asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea kwa vifo, lakini katika bajeti ya 1996 ilipata asilimia 5 tu. Mchoro mmoja wenye nguzo za magonjwa na nguzo za fedha ukawekwa mezani mbele ya watu ambao ndio wenye kupanga. Wakahamisha fedha kwenda kwenye malaria na magonjwa ya watoto, wakafundisha watumishi kumtibu mtoto mgonjwa kwa ujumla wake, wakaongezewa fedha kidogo kwa kila mwananchi. Katika miaka iliyofuata, vifo vya watoto kwenye wilaya mbili za mradi, Rufiji na Morogoro Vijijini, vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40.

Wanaoitaja vibaya husema takwimu ziliokoa watoto. Kilichookoa watoto ni dawa, vyandarua na mganga aliyefundishwa, na takwimu zilitumika kuelekeza fedha huko. Zaidi ya hapo, takwimu zenyewe hazikutoka kwenye MTUHA. Zilitoka kwa wadodosaji waliowauliza wafiwa dalili za marehemu, kazi ghali inayodumu kwa muda tu mfadhili anapokuwepo.

Basi Ifakara inakufaa lini? Kama uvujaji wako ni wa tatu au wa nne, na hasa kama wilaya yako iko ndani ya maeneo yao. Huko una hazina ambayo mkoa mzima hauna: unaweza kuchukua idadi yao halisi ya watoto chini ya mwaka mmoja, ukailinganisha na walengwa wako, ukajua kwa mara ya kwanza kama unachanja au unajidanganya. Ukiwa nje ya uzio huo, usitegemee waje waanzishe eneo jipya kwa ajili yako. Utapata watafiti wazuri, mafunzo mazuri, pengine utafiti mdogo wa kaya. Hesabu ya watu wako utabaki nayo wewe na Ofisi ya Taifa ya Takwimu.

NIMR: serikali yenyewe, na urefu wake wa korido

NIMR iliundwa kwa Sheria ya Bunge Na. 23 ya 1979, na ina vituo Mwanza, Tanga, Tabora, Mbeya, Tukuyu, Amani na Muhimbili. Hilo la vituo si dogo. Halmashauri ya Kanda ya Ziwa inayoshirikiana na Mwanza haihitaji kumpandisha mtu ndege kwa kikao cha saa mbili.

Kituo cha Mwanza kina rekodi inayostahili kutajwa. Mwaka 1995 lilichapishwa jaribio lao, wakiwa na wenzao wa London, lililoonyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya kawaida vya serikali vya vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Ninachokipenda katika jaribio hilo ni kwamba lilifanywa ndani ya zahanati zetu zilivyo, na watumishi wetu walivyo. Na pale Kisesa, wilayani Magu, wamekuwa wakifuatilia watu tangu 1994.

Kisesa ndiko walikofanya jambo ambalo ningependa kila mratibu wa MTUHA alijue. Kwa miaka walikuwa na rejista ya watu wa vijijini upande mmoja na mafaili ya kituo cha afya upande mwingine, na kompyuta haikuweza kuzioanisha kwa uhakika: majina yanafanana, tarehe za kuzaliwa ni za kukisia, na mtu mmoja hutumia jina la baba leo na la mume kesho. Kuanzia 2015 wakamweka karani kwenye benchi la kusubiria huduma. Mgonjwa, akiridhia, anakaa naye dakika chache, karani anafungua orodha ya wanaofanana naye na kumuuliza: uliwahi kuishi kitongoji gani, nani mwingine anaishi kwenye kaya yenu? Mwenyewe anajitambua, na rekodi zake mbili zinaunganishwa palepale. Tatizo lililoonekana la kisayansi likapata dawa kwa kiti kimoja na Kiswahili cha kawaida. Kama uvujaji wako ni wa pili, huu ndio ufundi wa kuuomba.

Sasa upande wa pili wa NIMR. Ni taasisi ya serikali, na korido zake ni ndefu kama za serikali. Kamati ya taifa ya maadili ya utafiti wa afya iko kwao, na baadhi ya wakurugenzi wa halmashauri hudhani kwamba ukishirikiana na NIMR, kibali cha maadili kinakuja chenyewe. Hakiji chenyewe. Mtafiti wa NIMR anapeleka andiko lake mezani na kusubiri zamu kama mwingine yeyote, na hivyo ndivyo inavyopasa kuwa.

Lakini ikitokea takwimu zako zinaonyesha jambo litakalomkera mkubwa, mathalani vifo vya uzazi vingi kuliko vilivyoripotiwa, ni afadhali ziwe zimekaguliwa na taasisi ya taifa. Halmashauri haiwezi kusimama peke yake na namba ya namna hiyo. Nimeona namba sahihi ikifutwa kwenye slaidi kwa sababu tu aliyeileta alikuwa ofisa wa ngazi ya chini.

Chuo kikuu: fundi wa mashine

Hapa nitakuwa mfupi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho kwa miaka mingi kimekuwa nyuma ya DHIS2 ya Tanzania, kikiwa ndani ya HISP, mtandao wa mifumo ya taarifa za afya unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo. DHIS2 ni programu huria, haina ada ya leseni, na asili ya mtandao huo ni Afrika Kusini miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka. Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011, nasi tukafuata muda si mrefu. Wataalamu wa Mlimani wametengeneza programu za ziada ndani yake, zikiwemo zile za alama za rangi nyekundu, njano na kijani ambazo wajumbe wa kamati ya afya huzielewa bila kufundishwa.

Kama shida yako ni mifumo isiyosalimiana, ripoti zinazochelewa kufunguka, au kukosa mtu wa kukutengenezea ukaguzi unaokataa namba isiyowezekana wakati wa kuingiza, nenda huko bila kuzunguka. Kwa gharama, pengine ndio wa bei nafuu kuliko wote. Ila fundi wa mashine huona kila kitu kama shida ya mashine. Ile 120/80 yangu ya kuanzia juu hadi chini ingepita kwenye ukaguzi wowote wa kompyuta ikiwa imenyooka kabisa.

Kando kidogo: kuna mlango wa nne ambao karibu hakuna halmashauri inayoukumbuka, nao ni mafunzo ya epidemiolojia ya nyanjani, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea, yanayotolewa na Wizara pamoja na MUHAS (chuo kikuu cha afya cha Muhimbili) na wenzao tangu 2008. Wanafunzi wake hufanya kazi muda mwingi nje ya darasa, na miongoni mwa wanayotakiwa kuyafanya ni kuchambua takwimu za ufuatiliaji wa magonjwa za mahali halisi. Omba mmoja. Mpe meza, mpe rejesta za miaka mitatu, mpe chai. Kwa wilaya isiyo na fedha ya ubia, huyu ni ubia tosha.

Wodi za watoto za Kenya

Nilisema nitavuka mpaka. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti wa KEMRI (taasisi ya serikali ya Kenya ya utafiti wa afya) na Wellcome (mfuko wa Uingereza unaogharimia utafiti) wapo tangu 1989, na tangu 2000 wana ufuatiliaji wa wakazi uliounganishwa na hospitali ya Kilifi, kiasi kwamba mtoto akilazwa inajulikana anatoka kaya ipi. Hilo linafanana na Ifakara na Kisesa, na lina uzio ule ule.

Cha kujifunza zaidi ni kile walichoanza 2013 wakiwa na Wizara ya Afya na chama cha madaktari wa watoto cha Kenya: mtandao wa hospitali za kaunti zinazoboresha kumbukumbu za wodi za watoto. Hawakuleta mfumo mkubwa. Walileta fomu moja ya kumpokea mtoto, yenye visanduku vya dalili muhimu. Daktari anaijaza kwa kalamu. Mtoto akiruhusiwa, karani wa hospitali hiyo hiyo anaingiza faili kwenye kompyuta, na programu inamkatalia akikosea. Baada ya miezi michache hospitali inaletewa ripoti yake: watoto wangapi walipimwa uzito, wangapi walipewa dozi sahihi, mko wapi ukilinganishwa na wenzenu. Kisha madaktari wa hospitali hizo wanakutana, wanatazamana usoni.

Hapo pa kutazamana usoni ndipo penye dawa. Daktari ambaye ripoti inasema wodi yake haipimi uzito, na mwenzake wa kaunti jirani anapima, harudi nyumbani vile vile. Kumbukumbu zikakamilika zaidi mwaka hadi mwaka, na kubwa lililobadilika ni kwamba anayeandika amepata kusoma alichoandika.

Kasoro yake ipo wazi: makarani wanalipwa na fedha ya utafiti. Ukiiga, andika tangu siku ya kwanza kwamba mwaka fulani mshahara wa karani unahamia kwenye bajeti yako, na uitengee kasma. Vinginevyo unaazima nguo ya harusi.

Wakiwekwa bega kwa bega

Kwa muda, chuo kikuu kinakupa kitu ndani ya miezi, NIMR na Ifakara ndani ya miaka. Kwa uzito wa neno mbele ya Wizara, NIMR iko mbele. Kwa kumjua mwananchi aliye nje ya kituo cha afya, Ifakara, na Kisesa ya NIMR, hawana mpinzani. Kwa kumfundisha muuguzi kujaza rejesta vizuri, kusema kweli hakuna hata mmoja ambaye hiyo ndiyo kazi yake ya asili. Watakuja wakiiita mafunzo ya ubora wa takwimu, siku mbili hotelini, posho na bahasha. Kataa hoteli. Omba wawafuate watumishi vituoni.

Halafu kuna suala la nani anaondoka na data. Hapa nina kovu. Zamani kidogo tulipata mshirika, sitamtaja, aliyetupa vishikwambi ishirini na kitu na fomu nzuri za kidijitali. Wauguzi wakaandika mara mbili, kwenye kitabu na kwenye kishikwambi. Tulifurahi sana miaka miwili. Mradi ulipofungwa, tukagundua kwamba seva haikuwa yetu, nywila ya msimamizi hatukuwa nayo, na barua zetu pepe zilijibiwa na mashine ikisema mhusika hayupo tena kazini. Vishikwambi tulibaki navyo. Watoto wa watumishi wakavichezea gemu. Takwimu za akina mama wetu wa miaka miwili ziko mahali fulani duniani, salama au si salama.

Leo una silaha ambayo sisi hatukuwa nayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, imeweka Tume ya kusimamia, na inabana usafirishaji wa taarifa kwenda nje ya nchi. Kenya wana sheria yao ya 2019, na ya afya ya kidijitali ya 2023. Mshirika yeyote kati ya hawa watatu anaijua sheria vizuri. Anayeweza kuwa haijui ni mwanasheria wa halmashauri yako, basi mpe nakala mapema, kabla hati ya makubaliano haijafika mezani kwake saa tisa alasiri ya Ijumaa ikisubiri saini. Vitu vya kutafuta humo ni vichache: data ghafi zinakaa kwenye seva ya nani, nakala inakuja wilayani kila baada ya muda gani na kwa muundo gani unaofunguka, nani anaruhusiwa kuchapisha na jina la wilaya linatajwaje, na nini kinafutwa mradi ukiisha. Mgeni wa kigeni akiwemo kwenye timu, ulizia kibali chake cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, bila kuona haya.

Sisi hupenda kusema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwenye ubia wa utafiti mgeni anakuja kweli, na anapona yeye kwanza: anapata chapisho, shahada, mfadhili mwingine. Sina kinyongo na hilo, ndiyo kazi yake. Nataka tu na mwenyeji aandikiwe chake kwenye karatasi.

Ningekuwa mimi

Wilaya iliyo ndani ya Kilombero, Ulanga au eneo la Rufiji: Ifakara, na ombi langu la kwanza lingekuwa walengwa, kabla ya mafunzo yoyote. Wilaya ya Kanda ya Ziwa yenye wagonjwa wengi wa VVU wanaohamahama kliniki: NIMR Mwanza, na ningeomba lile benchi la Kisesa, hata kama ni kwa kituo kimoja. Manispaa yenye hospitali kadhaa, kompyuta kila dirisha na ripoti zisizolingana: chuo kikuu, mkataba mfupi, kazi moja kwa wakati.

Wilaya ya kawaida, yenye zahanati nyingi zilizosambaa, mratibu mmoja wa MTUHA na pikipiki inayosubiri mafuta, haihitaji hata mmoja wao kwa mwaka wa kwanza. Ningeiga wodi za Kenya bila fedha za Kenya: kitabu kimoja tu, tuseme namba 12 cha leba, vituo kumi, ukurasa mmoja wa matokeo kwa kila kituo kila robo mwaka, na kikao ambacho waganga wafawidhi wanauweka ukurasa huo mezani mbele ya wenzao. Ningemwomba yule mwanafunzi wa epidemiolojia aje kuchambua. Baada ya mwaka ningejua panapovuja, na ningekwenda kubisha hodi nikiwa na ushahidi mkononi.

Na yeyote atakayefungua mlango, sharti langu la kwanza lingekuwa moja, na ningeliandika kabla ya kifungu cha fedha: mtafiti mkuu, mwenyewe bila kumtuma msaidizi, akae jioni moja ya mwisho wa mwezi kwenye zahanati tutakayoichagua sisi, avute kiti karibu na muuguzi, na wahesabu wote wawili kitabu namba 6, vijiti vinne na cha tano, mpaka taa ya sola izime.